Mke Wangu Anajifunza Kuwa Kipofu

Mshauri wetu mpendwa,

Leo ni tarehe kumi na mbili Juni, na mwezi huu natimiza miaka thelathini na tisa tangu nitoke kwetu. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifikisha kwako: kama ningekuwa mtu wa hapa hasa, au kama ningekuwa bado mtu wa kule, nisingekuwa na la kuuliza. Nakusoma kila wiki. Jirani yangu muuza sabuni hunipa gazeti lake akishamaliza kurasa za mpira, nami humsomea mke wangu majibu yako kwa sauti, naye hucheka sana unapowagombeza waume. Barua hii sijamsomea. Naomba msaada, na kama kuna kugombezwa nigombeze, ila mwishoni uniambie nishike lipi.

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Tangu ujana kazi yangu imekuwa kushona kurasa zilizoachana na kuvisha vitabu majalada mapya, ndiyo maana mtaani wananiita Mzee Jalada, na vitabu vingi vilivyopita mikononi mwangu nilivisoma kwanza, mwenye kitabu akidhani nasubiri gundi ikauke. Nilitoka kwetu mwaka ule wa fujo, pale watu waliokuwa wakiazima vitabu kwangu walipokuja mlangoni na mafuta ya taa, na sitaki kueleza zaidi ya hapo kwa sababu baadhi yao wako hai na baadhi yao ni damu yangu. Hapa nikapata kazi, kisha nikapata mke, fundi cherehani aliyekuwa na kibanda mkabala na karakana yetu. Hatukujaaliwa mtoto. Tunaishi kwenye chumba kimoja na nusu, tukichangia ukumbi na bomba la maji na wapangaji wengine.

Macho yake yaliondoka polepole. Alianza kwa kulalamika kwamba siku hizi uzi wanautia rangi nzito, kisha kwamba balbu ni hafifu, kisha kwamba mimi ndiye ninayesimama kwenye mwanga, na tulipofika hospitali ya macho daktari akasema presha ya macho imekwisha kula mshipa na kilicholiwa hakirudi. Mwaka wa kwanza alikaa kitandani akiuelekea ukuta. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimsomea, na alikuwa akinijibu kwa neno moja moja kama mtu anayelipia maneno. Kisha asubuhi moja akanisukuma mkono akasema, "Wewe mzee, leo usinishike," akaanza kujifunza chumba chetu upya kwa viganja, kwa magoti, kwa masikio, akagongwa na kila kitu kilichokuwa na ncha, na kila kilichomgonga akakitafutia mahali pake pa kudumu. Tangu siku hiyo katika nyumba yetu kijiko hakihami. Nikiacha kiatu njiani ananiuliza namtegea mtego ili nioe mwingine. Leo anapika, anafua, anapiga pasi, na mgeni anaweza kukaa muda mrefu akiongea naye kabla hajagundua chochote.

Na hilo, mshauri, ndilo lililotuponza.

Serikali ilipoanzisha posho ya wazee na ya watu wenye ulemavu, mimi sikupata ya uzee, kwa kuwa mzee huandikwa kwao, na kwetu ni kule. Yeye ni mtu wa hapa hapa, akaandikwa kwa macho yake, na ile posho ndogo imekuwa ndiyo kodi yetu ya chumba. Chakula tunapata kwa vitabu vichache ninavyoletewa bado, ingawa mikono inatetemeka na siku hizi nikipaka gundi napaka na meza. Tukaishi hivyo. Kisha mwaka huu ikatangazwa kwamba kutakuwa na uhakiki, maofisa watapita nyumba kwa nyumba kuona nani anastahili na nani anajipachika.

Unajua sisi tulifanya nini? Tulijiandaa kama watu wanaoletewa posa. Mke wangu alisugua sakafu, akavaa gauni lake la kutokea, akanituma kwa mama mwenye nyumba nikaazime vikombe visivyo na ufa. Nikamwambia, kaa tu, chai nitamimina mimi. Akasema, "Wageni waje kwangu wamiminiwe chai na mwanamume, mimi nimekaa? Waende wakaseme mke wa Jalada ni mvivu?" Wakaja wawili, kijana mwenye mkoba na mwanamke mwenye miwani ambaye ndiye aliyekuwa akiandika. Kijana akaenda kukaa. Kiti kikalia kidogo tu, na mke wangu, aliyekuwa kwenye jiko amempa mgongo, akasema, "Hapo usikae mwanangu, hicho kina mguu mbovu, hamia hiki cha dirishani." Kisha akamimina chai, kidole kimoja kikiwa kimekaa ukingoni mwa kikombe mahali ambapo asiyejua hawezi kukiona, na halikudondoka hata tone. Kijana akatazama kikombe, akamtazama yeye, akauliza kwa upole kabisa, "Mama, lakini unaona kidogo, eeh?"

Akacheka. Akasema, "Naona kumshinda huyu mzee. Yeye hata soksi zake hazioni."

Tulicheka wote, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilijivuna. Yule mwanamke hakucheka. Aliandika.

Mwezi uliofuata posho haikuja. Mwenyekiti wa mtaa wetu akatuletea habari kwamba mke wangu ameondolewa, sababu ni kuwa anajiweza. Nikamwambia mwenyekiti, huu ni uonevu. Akanivuta pembeni karibu na bomba akaniambia, "Mzee wangu, mmejiharibia wenyewe. Mtu anakuja kukagua shida, nyinyi mnamtolea vikombe? Angalia jirani yako wa mguu mmoja. Siku ile alikuwa amelala chini kabisa, na huo mmoja kaufunika blanketi." Nikamuuliza tufanyeje. Akasema kuna rufaa, wale wale watarudi, na safari hii vumbi liwepo, mama akae chini, avae nguo ya kufulia, akiitwa aparamie ukuta, na machozi yakija asiyazuie. Alisema yote hayo bila ubaya. Ni mtu mwema, anataka tulipe kodi.

Wiki hiyo hiyo mdogo wangu akapiga simu kutoka kwetu, kwa kuwa habari hufika hata zisipotumwa. "Kaka, unahangaika nini huko kwa watu? Njoo. Jina lako lipo hapa, posho ya wazee unachukua mwezi wa kwanza tu. Chumba cha marehemu mama kipo, hatujakigusa." Nikamuuliza kuhusu wale watu wa mafuta ya taa. Akacheka. "Hao? Wamebaki vibabu, kaka. Wanapanga foleni ya posho hiyo hiyo. Utawakuta wamekaa juu ya matofali wanasubiri kuitwa." Nikamuuliza na shemeji yake je. Akasema, "Shemeji tutamshika mkono, watoto wako wengi hapa."

Alisema hivyo kwa mapenzi, nami sikumkatalia, ingawa najua kushikwa mkono kunamfanya nini mke wangu. Wakati mmoja tulilala kwa ndugu wa mke wangu kwenye msiba, na siku zote zile aliongozwa na kila mtu, chooni, mezani, kitandani, akikaa pale alipokalishwa. Tulipofungua mlango wetu wa hapa alisimama katikati ya chumba akavuta pumzi, akasema, "Kule nilikuwa kipofu." Mshauri, macho yake ni hiki chumba. Kila nikifikiria kumpeleka kwenye nyumba asiyoijua, uani penye mawe na watoto na mbuzi, na sauti za watu ambao mume wake anawaogopa, naona nitakuwa nimempofusha mara ya pili, na mara hii si ugonjwa, ni mimi.

Basi nikaacha siku zipite, nikidhani napima lipi bora. Siku moja nikarudi kutoka kupeleka kitabu cha mtu, nikapita dirishani kwetu, nikamwona yuko peke yake katikati ya chumba. Anatembea amenyoosha mikono, kichwa kimeinuka kama mtu anayetafuta harufu, akakiendea kigoda ambacho anajua kilipo kuliko mimi, akakipiga teke kikaanguka. Akakiinua akakirudisha mahali pake. Akarudi alikoanza, akaja tena, akakiangusha tena. Kisha akachukua kikombe cha maji, akamimina mezani, nje kabisa ya kikombe, akaanza kupapasa yale maji kwa kiganja kizima.

Nilipoingia hakushtuka. Alisema, "Umekuja. Haya niambie, nafanana?"

"Unafanana na nani?"

"Na kipofu."

Nikakaa kitandani.

"Na uache huo uso," akasema.

"Huuoni uso wangu."

"Nausikia." Akafuta maji kwa kanga yake. "Mwenyekiti ameniambia na mimi, usidhani anaongea na wewe tu. Kodi hailipwi kwa heshima, mzee. Kama huwezi kutazama, siku hiyo toka nje ukanunue gazeti."

Tangu hapo anafanya mazoezi kila siku, na jambo linalonitisha ni kwamba anazidi kuyaweza. Amejifunza kusita. Amejifunza kuuliza "nani huyo" ninapoingia mimi, ambaye alikuwa akiijua hatua yangu tangu bombani. Juzi aliungua mkono kwenye jiko, mkono mzima, na nilipomuuliza kama ilikuwa mazoezi hakunijibu, na sasa sijui lipi analiigiza na lipi limemtokea kweli, na nahofia hata yeye hajui tena. Ilimchukua miaka kuacha kuwa kipofu. Nashuhudia anavyoirudisha nyuma kwa wiki.

Rufaa ni mwezi ujao. Ama nimwache aigize aokoe chumba, ama nirudi kwetu nichukue posho yangu kwenye foleni moja na watu wale na yeye ashikwe mkono mpaka kufa. Nimesoma vitabu vingi maishani, na katika vyote sikukuta ukurasa wa jambo hili. Nikuambie ukweli, nimekwisha anza kufungasha vitabu vyangu kwenye maboksi, kidogo kidogo, yeye akiwa ameenda bombani. Sijamwambia. Nadhani kurudi ndiyo adabu iliyobaki. Nishauri.

Mzee Jalada


MSHAURI ANAJIBU

Mzee Jalada, shikamoo. Pole, na mpe pole mama kwa mkono wake. Umeniomba nikugombeze, sasa vumilia.

Kwanza hayo maboksi. Mzee wangu, umeoa mwanamke anayejua kiti kipi kina mguu mbovu kwa kusikia kikilia, amekupa mgongo, yuko jikoni. Halafu unatoa vitabu kwenye rafu za chumba anachokijua kwa viganja, unajiambia hajui? Anajua. Nadhani alijua kabla hujamaliza boksi la kwanza. Na ukikubali kwamba anajua, isome tena barua yako mwenyewe, maana nimeisoma mara tatu na kila mara naona jambo ambalo wewe, msomaji mkubwa, umelipita. Unadhani anafanya mazoezi kwa ajili ya kodi. Mimi nadhani anafanya mazoezi kwa ajili yako. Anasikia mume wake anajiandaa kurudi kwa watu waliokuja na mafuta ya taa, na silaha pekee aliyopewa ya kukuzuia ni kigoda. Ndiyo maana anakipiga teke kwa bidii namna hiyo. Nyinyi wawili mnauana kwa kuhurumiana, kila mmoja kimya kimya, ndani ya chumba kimoja na nusu.

Kwa hiyo leo, si kesho, msomee barua yako. Yote, hata ya maboksi. Kisha umsomee na hii.

La pili. Aibu uliyoieleza vizuri sana, ya kumwona mkeo akipapasa, nimejiuliza ni ya nani. Ya kwake? Yeye anasema kodi hailipwi kwa heshima, amekwisha amua. Inayouma ni ya kwako. Ulicheka kuliko wote siku ile kwa sababu ulijivunia mke asiyefanana na kipofu. Sikulaumu, hata mimi ningejivuna. Lakini usichukue uchungu wako ukauita adabu, ukamhamisha mama wa watu kutoka kwenye macho yake ili wewe usitazame.

La tatu, mazoezi yakome. Mwambie hivyo kwa niaba yangu, mimi ni kama binti yake naye atanisamehe. Yakome kwa sababu anaungua. Yakome pia kwa sababu wale maofisa wana majirani wa kuwauliza, na siku wakijua kwamba mama alifundishwa kuanguka, watamfuta moja kwa moja na kila kipofu wa mtaa huo atashukiwa. Mwenyekiti wenu ana moyo mzuri na ushauri mbaya. Mke wako ni kipofu kweli, mzee. Mtu aliye na haki hana haja ya kuigiza haki yake.

Sasa sikiliza la kufanya.

Msiwasubiri nyumbani. Kosa lenu halikuwa vikombe, ingawa mlipokea wakaguzi kama wakwe. Kosa lilikuwa kukubali apimwe ndani ya chumba alichokishinda. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii, andika kwa mkono wako, najua unaandika vizuri, uombe rufaa isikilizwe ofisini kwao, kwenye chumba ambacho mkeo hajawahi kukanyaga. Kabla ya hapo mrudi hospitali ya macho, daktari ampime upya aandike anachokiona. Wale maofisa walikuja na kalamu, hawakuja na daktari, na hilo liseme kwa heshima lakini liseme. Wakati huo huo omba uandikishaji wako wa uzee uhamishwe uje unakoishi. Inawezekana wakakuzungusha mwaka mzima. Omba tu, na ukizungushwa uombe tena.

Na siku ya rufaa usimshike mkono. Najua nakuambia nini. Usimpeleke kabla akaizoee ofisi, usimnong'oneze kizingiti kiko wapi, usikohoe ili ajue uko upande gani. Mkubaliane mapema, awe anajua kwamba hutamsaidia na kwa nini. Asiigize chochote. Aingie tu. Kitakachotokea kitakuwa kweli, na kitakuumiza kuliko vigoda vyote vya mazoezi, na kazi yako siku hiyo ni kusimama nyuma yake ukatazama mpaka mwisho. Usiende kununua gazeti.

Kuhusu wale watu wa kwenu sina ushauri. Mtu akitaka kurudi akawatazame machoni waliomfukuza, hilo ni lake na nafsi yake, na wapo waliorudi wakapata amani. Lakini usirudi kwa sababu ya foleni. Mtu hakabidhi miaka thelathini na tisa kwa sababu ofisa mmoja hakucheka.

Na nyinyi mnaofanya uhakiki, najua baadhi yenu mnasoma safu hii. Mtu maskini akiwamiminia chai, amewaheshimu. Inyweni, mshukuru, kisha muulize maswali yaliyowaleta.

Mzee, fungua maboksi.


(Mzee Jalada ametuandikia tena. Tunaichapa barua hiyo kwa ruhusa yake na ya mkewe.)

Mshauri,

Ni tarehe kumi na tisa Agosti. Nilimsomea zote mbili, yangu na yako, siku ile ile gazeti lilipotoka. Nilipofika kwenye maboksi alinikatiza. "Nilijua siku kamusi ilipotoka," akasema. "Ile ikitoka rafuni ubao unashusha pumzi, nausikia hata bombani." Hakusema kama ulilosema juu ya mazoezi yake ni kweli. Aliniambia tu niendelee kusoma, na mahali pa kugombezwa hakucheka.

Tulifanya kama ulivyoelekeza. Daktari aliandika. Ofisi ya ustawi ilikataa kwanza, kisha ikakubali. Siku yenyewe tulikaa kwenye benchi la ukumbini mpaka tukaitwa, na pale mlangoni nikauachia mkono wake. Alisimama. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mbele kuna nini?" Nilikuwa nimeahidi, sikujibu. Akauliza tena, mara hii akiniita kwa jina langu la kuzaliwa, ambalo hulitumia kwa nadra. Sikujibu.

Kulikuwa na ngazi moja ya kushuka. Hakuanguka, aliyumba akashika hewa. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, vidole vimekunjuka, na nikaona kwamba katika mazoezi yake yote hakuwahi kufika karibu na ule uso aliokuwa nao pale. Wale wawili walikuwa nyuma ya meza. Alimgusa yule mwanamke mwenye miwani shavuni, akarudisha mkono kama ameungua. Akageuka upande usio na mtu, akakutana na kabati la chuma, akaligonga bega, na akaliomba radhi. "Samahani sana," aliliambia kabati, kwa heshima zake zote, akaanza kulisalimia. Hakuna aliyecheka. Kijana aliinuka akamshika mkono akamkalisha, kisha akanitazama mimi kwa hasira, kama mtu aliyemkuta mwingine akimpiga mama yake.

Wamemrudisha. Posho ya mwezi huu imefika na kodi imelipwa. Maombi yangu ya kuhamishiwa yamepokelewa, nimeambiwa nisubiri.

Tukafika karibu na nyumbani. Kisha akasema, "Ulikuwa wapi?"

"Nyuma yako."

"Mbona sikukusikia?"

"Nilizuia pumzi."

"Nilikutafuta," akasema.

Nilidhani mlango wetu ukifunguka atavuta ile pumzi yake, kama alivyofanya tuliporudi kutoka msibani. Hakuvuta. Tangu siku ile akitembea humu ndani anaweka kiganja ukutani, yeye aliyekuwa akikatiza chumba na sufuria mkononi huku akiimba. Sijahamisha kitu. Vitabu vimerudi rafuni vyote, kila kimoja alikikagua mwenyewe kwa kidole mgongoni mwa jalada. Pengine itapita, pengine haitapita. Naongea sasa kila ninapovuka chumba, hata kama sina la kusema, ili ajue niliko, na usiku analala ameshika ukosi wa shati langu.

Jana mdogo wangu alipiga simu tena, akasema chumba cha mama kimepakwa chokaa, akataka kujua aje na gari siku gani kupokea mizigo. Nilimshukuru. Nilimsalimia mkewe na watoto. Kisha nikamwambia sitarudi.